Nyoka wa kayamba, huku Malindi yuko?

SWALI: Asalam aleikum mhariri. Mpwa wangu yuko Arizona huko Marekani, juzi katutumia video kwa WhatsApp ya nyoka anatikisa mkia unalia chaa chaa chaa kama kayamba ya Wagiriama, akasema kahesabu pete za mkiani ziko 11 basi nyoka ana miaka 11. Sa mimi nyuma ya nyumba nina rundo la makuti makuukuu na usiku nasikia kitu kama hicho hicho. Hawa nyoka kwetu wako? Na hiyo hesabu ni kweli?
Msomaji, Gongoni, Malindi

JIBU: Aleikum salaam ndugu yangu. Huyo nyoka wa Amerika tu, kuanzia Kanada mpaka Argentina, Afrika hayuko. Kwa vile mpwa yuko Arizona yawezekana ni yule mwenye madoa ya almasi mgongoni na mkia wa mistari myeupe na myeusi, wataalamu wamuita Crotalus atrox.

Kayamba umefananisha vizuri, ila ndani ya kayamba mna mbegu na ndani ya mkia ule hamna kitu. Ni vipingili vitupu vya kitu kama ukucha, vimeshikana kilegevu, akitikisa mara 50 na zaidi kwa sekunde moja vinagongana vyenyewe ndo unasikia ile sauti. Kila akijivua gamba kinaongezeka kipingili kimoja, na kwa mwaka aweza kujivua zaidi ya mara moja, tena vya mwisho hukatika akijipenyeza kwenye mawe, sa umri atauhesabu vipi hapo? Mtoto akizaliwa (huzaa huyu, hatagi) ana kifundo kimoja tu, hakilii. Na mpwa asingoje kayamba ndo ajihadhari, manake mara nyingi nyoka hunyamaza tu. Hata akiuliwa kichwa kisishikwe, kichwa kilichokatwa bado chaweza kuuma!

Kwenye makuti yako mi naogopa bafe. Kayamba hana, yeye hufoka kama tairi ikitoa pumzi, na siku nyingine hata hafoki, kalala zake na rangi ile ile ya majani makavu, hakimbii, mpaka unamkanyaga. Kwa hivo rundo liondoe mchana, uvae buti, utumie reki, mkono usitie. Akikuuma usichanje wala usifunge kamba, ni hospitali moja kwa moja.