Huyo anayekuamsha alfajiri ni shore

Mkuu, umeuliza ni ndege gani huyo wa kahawia, mwenye kichwa cheusi, anayeanza kelele kabla hata hakujapambazuka vizuri, na umfukuze vipi maana anakutobolea mapapai. La kwanza ni jepesi: huyo ni shore. Mwangalie akiinama tawini. Hawa wa mashariki na kusini mwa Afrika wana doa la manjano chini ya mkia, kama amekalia rangi mbichi. La pili, la kumfukuza, hapo umekosea mtu wa kumuuliza.

Kwa sura hana makuu. Mweke karibu na chozi, yule ndege mdogo anayemetameta kwenye maua, utadhani shore ametoka nyumbani bila kuchana nywele, maana vinyoya vya utosini vimesimama hovyo tu. Dume na jike wamefanana, macho hayakusaidii. Lakini ile sauti! Ni kipande kifupi, laini, kama maji yakimiminwa kwenye chupa ya shingo nyembamba. Mimi nasikia "amka twende, amka twende upesi". Anakirudia hichohicho mpaka unajikuta unaitikia kitandani.

Kwa miaka niliyokaa naye, nimejua pia sauti yake ya hasira. Akianza kukwaruza mfululizo bila kupumua, mimi hutoka nje. Mara nyingi ni paka tu. Ila kuna siku niliwakuta shore 5 wamelizunguka tawi moja, na chozi wamejiunga, wote wanapiga kelele. Nikakodoa macho, sioni kitu. Mara kile nilichodhani ni kijiti kikatoa ulimi. Na mimi mkononi nina mkasi, ndiyo nilikuwa nakwenda kupunguza matawi hapohapo.

Huo mkasi nao una hadithi yake, na si nzuri kwangu. Siku nyingine nilikuwa nakata ua wa michongoma, nikasonga mbele bila kutazama, nikafunua kiota. Kikombe chepesi cha nyasi na mizizi, ukuta wake mwembamba hata mwanga unapenya. Ndani mayai 3, ya waridi iliyofifia, yamenyunyiziwa madoa ya zambarau. Nikajaribu kurudishia matawi juu yake. Kesho yake kilikuwa kitupu. Kuatamia ni kama wiki 2, na makinda huruka baada ya karibu wiki 2 nyingine. Yaani nilishindwa kuvumilia mwezi mmoja! Asubuhi zilizofuata bustani ilikuwa kimya, na huo ukimya ulinisumbua kuliko kelele zozote. Ilipita muda kabla sijausikia tena wimbo wake, kutoka mti wa mbali kidogo. Tangu hapo kabla ya kukata chochote naingiza macho kwanza.

Sasa mapapai yako. Yavishe mifuko ya wavu au kitambaa chepesi yanapoanza kubadilika rangi, atahamia kwenye matunda ya porini na wadudu, ambao nao anawala kwa wingi. Lile la juu kabisa, ambalo hata ngazi yako haifiki, usihangaike nalo. Hilo ni lake.