Kwa nini sikuja kumzika mama: jibu langu kwa walioko Pemba

Mwanangu Khamis,

Umeniuliza mambo matatu, na umesema unayauliza kwa niaba ya ukoo mzima: kwa nini mimi, mama yako mdogo, sikuja kumzika mamangu, kwa nini watu wenye mizeituni 180 wakose hata nauli, na kama kweli hakuna mahali pa kushtaki. Miaka yote nimekuwa nikijibu "alhamdulillahi, tu wazima" na kugeuza mazungumzo, kwa sababu sikutaka kuwatia hofu. Sasa naona ukimya wangu umewatia uchungu zaidi ya hofu yenyewe, kwa hiyo nitakujibu wazi.

Kijiji chetu kiko kusini ya Nablus, katika Ukingo wa Magharibi, huku Palestina, ambao Israel iliuteka mwaka 1967. Nilipoletwa hapa miaka 14 iliyopita, nikiwa mke mpya wa kijana niliyesoma naye Khartoum, nyumba za walowezi, yaani Waisraeli waliohamia kwenye ardhi hii, zilikuwa nyuma ya kilele cha kilima kinachotukabili, na usiku tukiona mwanga wa taa zao tu. Leo wako upande wetu wa kilima. Hapana siku iliyotangazwa kwamba mteremko ule umechukuliwa. Lilikuja hema, likafuata tangi la maji, kisha zizi la kondoo, kisha nguzo ya umeme, na kila mahali kondoo wale walipozoea kulisha pakawa hapakanyagiki tena na mtu wa kijijini.

Kwa mkataba wa Oslo wa mwaka 1995, kati ya Israel na Wapalestina, ardhi hii iligawanywa katika maeneo A, B na C, mgawanyo uliokusudiwa kudumu miaka michache tu. Eneo C, ambalo ni kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, limebaki mikononi mwa Israel moja kwa moja. Nyumba yetu iko B, ambako mambo ya kiraia yako kwa Wapalestina, na shamba letu liko C. Mume wangu akitembea dakika 20 kutoka mlangoni anafika kwenye ardhi ya babu yake, lakini hawezi kuchimba kisima humo wala kujenga banda la kuwekea ngazi bila kibali, na vibali hivyo kwa Wapalestina ni nadra mno. Shemeji yangu alijenga chumba kimoja cha matofali pembezoni mwa shamba. Alipewa karatasi ya kubomolewa, na buldoza likaja alfajiri, watoto wake wakitazama.

Nikueleze mavuno, maana wewe umekulia kwenye karafuu na utanifahamu upesi. Mizeituni huchumwa Oktoba na Novemba. Kwetu mkarafuu ukiwa tayari, mwenye shamba huita wachumaji kesho yake. Hapa, shamba lililo karibu na walowezi huingiwa kwa siku zinazopangwa na jeshi, na watu huziita tansiq, yaani uratibu. Msimu uliopita tulipewa siku mbili kwa kazi ya siku kumi. Tulifika mapema, tukatandika maturubai chini ya miti, na mama mkwe akakaa kuchambua majani kwenye zeituni, vilevile kama bibi yako alivyokuwa akikaa jamvini jioni kuchambua makonyo ya karafuu. Kabla ya adhuhuri wakashuka vijana wanne waliofunika nyuso, wenye marungu. Wanajeshi waliokuwa wakitulinda hawakuwarudisha. Walitwambia sisi ndio tuondoke, kwa usalama wetu. Tulibeba magunia matatu, na manne tukayaacha pamoja na ngazi.

Siku ya pili tuliporuhusiwa kurudi, magunia hayakuwepo, na mizeituni 31 ilikuwa imekatwa kwa msumeno usawa wa kiuno. Unga wa mbao ulikuwa bado una unyevu. Mama mkwe alipita shina hadi shina akiufuta kwa ncha ya mtandio wake, na kila aliposimama alitaja nani aliupanda mti ule na mwaka gani. Mtoto wangu wa mwisho alimfuata nyuma, kimya, akiokota matawi.

Hapo ndipo lilipo jibu la nauli. Mafuta ndiyo yaliyokuwa ada ya shule, harusi na dawa ya mwaka mzima. Kabla ya Oktoba 2023 zaidi ya watu 100,000 wa Ukingo wa Magharibi walikuwa na vibali vya kufanya kazi Israel, na mume wangu alikuwa mmoja wao, fundi wa vigae. Baada ya shambulio la kundi la Hamas dhidi ya Israel na vita vya Gaza, vibali hivyo karibu vyote vilisimamishwa. Maji ya bomba hupungua wakati wa kiangazi, kwa hiyo hununua ya lori, na nimejifunza kuosha vyombo huku nikisikiliza mlio wa tangi la juu ya paa. Wala hatuwezi kuliacha shamba tukatafute riziki pengine, kwa sababu kwa sheria ya ardhi ya Waothmani ya mwaka 1858, ambayo Israel bado inaitumia hapa, shamba lisilolimwa miaka mitatu linaweza kutangazwa kuwa ardhi ya serikali. Anayezuiwa kulima leo huandaliwa kunyang'anywa kesho.

Kushtaki, tumeshtaki. Kituo cha polisi kilichotuhusu kiko ndani ya makaazi ya walowezi, na mume wangu alisubiri langoni kwa muda wa saa tano ndipo akaingizwa. Baadaye tukapata taarifa kwamba faili limefungwa kwa kuwa wahusika hawajulikani. Mlowezi hushtakiwa katika mahakama za kiraia za Israel, lakini mwanangu wa miaka 13 akishikwa akirusha jiwe, atapelekwa mahakama ya kijeshi. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuwepo kwa Israel katika maeneo haya hakufuati sheria. Israel inayakataa, na husema kwamba vizuizi ni vya kulinda raia wake. Sitakuficha kwamba raia wake huuawa pia: tarehe 26 Februari 2023 ndugu wawili Waisraeli waliuawa kwa risasi Huwara, mji jirani yetu, na usiku huohuo mamia ya walowezi wakachoma nyumba na magari ya mji ule. Tuliuona moto tukiwa juu ya paa, watoto wamevaa viatu tayari kwa kukimbia.

Sasa kuhusu mama. Daftari la wakaazi wa Ukingo wa Magharibi linashikwa na Israel, na mgeni aliyeolewa huku hapati ukaazi bila idhini yake. Maombi yetu yamelala tangu mtoto wa pili yuko tumboni, na viza yangu iliisha zamani. Kutoka nitatoka, lakini nikishavuka daraja la kuingia Jordan, hakuna anayeweza kunihakikishia kwamba nitarudi kwa watoto wangu wanne. Kaka aliponipigia simu, sanduku nililitoa kabatini nikalifunga. Nilikaa juu yake mpaka mlipokuwa mmeshamaliza kuzika, kisha nikalifungua nikarudisha nguo. Mama alilijua jambo hili, kwa kuwa nilimweleza yeye peke yake, na alinitaka nibaki na wanangu.

Waambie wakubwa hivyo nilivyosema, bila kupunguza. Mashina yamechipua, kutoka kwenye paa tunaona ukijani, ingawa hatujaruhusiwa kwenda kupogoa. Nawe ukipata nafasi, nipigie picha ya kaburi kutoka upande wa mlangilangi, nijue limekaa wapi.