Mvua imekatika jana usiku, leo jua kali: watoto waingie baharini?

Ndugu uliyeuliza kama watoto waende kuogelea leo, kwa kuwa mvua ilikatika jana usiku na jua limewaka tangu asubuhi: naomba usubiri. Hesabu siku tatu kamili tangu mvua ilipokatika, hasa kama ufuko huo uko karibu na mlango wa mto au mtaro.

Nasema hivi kwa sababu nilishafanya hicho unachotaka kufanya. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, siku ya tatu kukapambazuka kweupe, nikawapeleka wanangu wawili na mpwa wangu. Maji ya karibu yalikuwa na rangi ya udongo, ya mbali buluu. Nikajiambia ni mchanga tu umevurugwa na mawimbi. Usiku uliofuata mdogo akaanza kutapika na kuharisha, na mkubwa sikio likamuuma wiki nzima. Mpwa wangu, ambaye maji hayakumpita magoti, hakupata kitu.

Baadaye nilirudi pale kiangazi nikauona mtaro ambao siku ile sikuutazama, mita chache kutoka walipokuwa wakipiga mbizi. Mvua kubwa hufagia kila kilicholala juu ya ardhi: vinyesi vya mifugo na mbwa, mafuta ya magari, takataka. Makaro nayo hufurika. Vyote hivyo huishia baharini, na mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu ndiyo mbaya zaidi, maana inasomba uchafu wa miezi.

Kuhusu jua, ni kweli linaua vijidudu, lakini mpaka miale ipenye majini. Maji yakiwa tope haifiki mbali. Kwa hiyo anga hutakata kwanza, bahari hufuata siku kadhaa baadaye. Hilo ndilo lililonidanganya.

Siku tatu sikuzitunga mimi. Idara ya afya ya Los Angeles huwaambia watu wakae nje ya maji saa 72 baada ya mvua. New South Wales, Australia, wanatenganisha: siku moja kwa fukwe zinazotazama bahari wazi, hadi tatu kwa ghuba na midomo ya mito. Tofauti hiyo ina mantiki, kwa sababu mawimbi ya bahari wazi husukuma uchafu ukatawanyika, ila kwenye ghuba maji huzunguka palepale. Karibu na mtaro, maji kupwa ni wakati mbaya kuliko maji kujaa, kwani ndipo uchafu unapotoka kwa wingi.

Kama kuna kibao kinachosema maji ni salama, kisome lakini usikitegemee peke yake. Bakteria wanaopimwa sana, enterokoki, hukuzwa maabara kwa takriban saa 24 kabla ya kuhesabiwa. Kibao cha leo kinakupa habari za jana.

Na sijagusa hatari ya kuzama. Dhoruba huhamisha mafungu ya mchanga, hivyo mahali mlipozoea kusimama panaweza kuwa na kina, au mkondo unaovuta kuelekea kilindini. Mkondo ukimkamata mtu asishindane nao. Aogelee sambamba na ufuko mpaka autoke. Magogo na chupa zilizovunjika huwezi kuviona kwenye maji ya tope. Na ngurumo ikisikika, kila mtu atoke, asirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine.

Wakiwa wameshaingia kabla hujasoma hapa, waogeshe kwa sabuni na maji safi, wakaushe masikio, kisha kagua kila mkwaruzo. Kuna homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na wanyama wengine na kuingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka. Dalili zake zinaweza kuchukua siku 2 hadi 30. Kwa hiyo mtoto akipata homa hata wiki tatu baadaye, mtajie daktari siku ile aliyoogelea. Mimi sikulitaja suala la kuogelea, maana sikudhani lina uhusiano, mpaka daktari wa pili alipouliza mwenyewe.