Mama anakataa uji: mtazame shavuni kwanza

SWALI: Asalaam alaykum. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Kinywa kinanuka, nikimpigisha mswaki anafunga meno, na sasa hata uji hataki. Juu ana meno ya bandia. Nifanyeje? — Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, dada. Usidhani ni ukaidi. Shavu lililolegea halisukumi chakula na huenda halihisi vizuri, hivyo boflo la asubuhi linaweza kukutwa pale pale magharibi. Fizi zinavimba, kula kunauma, naye anakataa. Linalotutisha zaidi ni kifua: mate machafu yakipita njia ya hewa huleta nimonia. Kwa hiyo msafishe hata siku asiyokula.

Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo, asilale chali. Toa meno ya bandia. Chukua kitambaa safi, kiloweshe, kikamue sana, kizungushie kidoleni, upitishe ndani ya shavu la kulia kutoka nyuma kuja mbele. Kidole kipite baina ya shavu na meno tu, kisiingie katikati ya meno, maana anaweza kuuma bila kukusudia.

Akifunga meno, usilazimishe. Nje ya meno husafishika vivyo hivyo. Anzia hapo, taratibu, ndani atafungua baadaye. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya choroko. Mpe aushike mwenyewe kwa mkono wa kushoto, wako juu ya wake. Mpini uzungushie kitambaa unenepe. Mkono unaoachwa bila kazi husahau kazi. Kama huwa anapaliwa, asisukutue: futa povu. Fanya asubuhi na usiku, na wa usiku usiuache kabisa.

Meno ya bandia yasugue kwa sabuni juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Usiku yalale kwenye maji baridi; ya moto huyapinda.

Kama bado anatafuna tambuu, mwachisheni: vipande vya popoo hujificha shavuni na kumpalia, na popoo na tumbaku huleta saratani ya kinywa.

Baada ya kula akae wima nusu saa. Utando mweupe, kidonda kilichopita wiki mbili, au meno ya bandia yanayocheza, mpelekeni kwa daktari wa meno. Akikohoa kila anapokula, au sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, mpelekeni hospitali apimwe umezaji. Akipata na homa au akihema kwa shida, mpelekeni siku hiyo hiyo.