Je, 16S ya 98.9% inatosha kuitwa spishi mpya?

Umeuliza kama bakteria wa jenasi Pseudomonas uliyemtoa kwenye mizizi ya mahindi ni spishi mpya, kwa kuwa 16S yake (jeni inayotumika kutambulisha bakteria) inafanana na ya jamaa wa karibu kwa 98.9%. Kwa namba hiyo peke yake huwezi kusema lolote. Chini ya 98.7% ungekuwa na dalili nzuri; juu yake ni lazima usome jenomu (DNA yake yote), maana kwenye jenasi hii spishi tofauti kabisa hufanana kwa zaidi ya 99%. Hakikisha pia umesoma jeni karibu nzima, besi kama 1,500, si kipande cha 700.

Kabla ya kulipia jenomu, hamishia koloni moja kwenye sahani mpya, urudie mara tatu. Bakteria wa mizizi wengi wana ute: koloni inang'aa kama tone moja, kumbe chini amejificha mwingine, na jenomu chafu huvuruga hesabu zote.

Linganisha na vielelezo rasmi vya spishi, si jina la kwanza linalotokea kwenye BLAST, zana ya kutafuta mfuatano wa DNA unaofanana. Vipimo viwili vya kufanana kwa jenomu ndivyo vinavyoamua: ANI chini ya 95–96% na dDDH chini ya 70%, hapo una hoja.

Kinachokwamisha wengi ni makaratasi. Kielelezo chako kiwekwe kwenye hifadhi mbili za vijidudu, nchi mbili tofauti, na kipatikane kwa watafiti wengine. Kama udongo ni wa Kenya, shughulikia mapema vibali vya NACOSTI (tume ya sayansi) na NEMA (mamlaka ya mazingira); hifadhi za Ulaya huuliza nyaraka za Itifaki ya Nagoya (mkataba wa kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki), na bila vyeti vya hifadhi hizo jina halithibitishwi.