Jibu: Mimi Mkenya nimeolewa Tanga, mtoto nilimzalia Mombasa, uraia napata moja kwa moja?

Dada pole na hongera ya ndoa, ila hapana, cheti cha ndoa peke yake hakikupi uraia wa Tanzania hata kama mna watoto kumi. Kinachokupa ni haki ya kuomba kwa njia ya tajnisi (yaani mgeni kuomba na kupewa uraia) kama mke wa raia, na hiyo ina unafuu maana mgeni wa kawaida anatakiwa awe amekaa miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba na ndani ya miaka 10 ya nyuma yake awe na jumla ya miaka 7 nchini, plus Kiswahili au Kiingereza na tabia njema.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakwama, Bongo hawataki uraia pacha kwa mtu mzima kwahiyo wakikukubalia lazima uukane wa Kenya. Ila usilie sana, katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine aurudishe akiomba.

Mtoto uliyemzalia Mombasa huyo mbona kashapata, kwa baba ni Mtanzania wa kurithi na kwako ni Mkenya wa kuzaliwa, anabaki na vyote mpaka afike 18 ndo upande wa TZ watamtaka achague.

Shemeji naye akitaka wa Kenya asubiri ndoa ifike miaka 7, lakini ajue wa kwake unaondoka. Mimi ningekuwa wewe ningechukua kibali cha ukaazi kwanza nikatulia.