Kuku wanaruka ua: nikate bawa moja au yote mawili?

Swali: Daktari, hapa Jinja nina kuku 12 wa kienyeji. Wanaruka ua wa futi 4 na kuingia kwenye dodo (mchicha) la jirani, na maneno yameanza. Nimeambiwa nikate mabawa, lakini naogopa kuwaumiza. Tena matetea 2 ninaowafungia bandani, juu ya maganda ya kahawa, kucha zimerefuka hadi zinapinda. Nifanyeje?

Jibu: Dada, kata bawa moja tu. Ukikata yote mawili, kuku anabaki na mizani sawa, na wa kienyeji alivyo mwepesi atapiga mabawa mpaka avuke. Likipungua moja, akiruka anakwenda upande na kushuka.

Mkamate jioni akishatulia. Mmoja amshike, mwingine akunjue bawa. Nchani kuna manyoya marefu 10 ya kurukia. Kata hayo tu kwa mkasi mkali, ukifuata mstari wa manyoya mafupi yanayofunika mashina yake, usiusogelee mwili zaidi ya hapo. Unyoya uliokomaa ukikatwa hauumi, ni sawa na kukata nywele.

Kinachoumiza ni unyoya mchanga, kwa hiyo mulika kila shina kwa tochi kabla ya mkasi. Shina jeupe na kavu, kata. Lenye wekundu au weusi wa buluu lina damu, liache likomae. Kuku wadogo wanaokua usiwaguse kabisa, manyoya yao mengi bado yako hivyo. Damu ikitoka, bana kwa unga wa ngano dakika chache, kisha umtenge, maana wenzake wakiona wekundu watamdonoa, na tabia hiyo ikiingia bandani ni taabu kuitoa.

Manyoya yataota tena kuku akinyonyoka na kubadilisha, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, nawe utarudia. Lakini kama kuku wako wanalala juu ya mwembe, nakusihi usikate. Mbwa au nguchiro akija, bawa ndilo linalowaokoa. Hapo ongeza ua kwa wavu.

Kucha ni matokeo ya sakafu. Kuku anayechakura udongo mgumu huzisaga mwenyewe. Maganda ya kahawa ni laini, hayasagi kitu. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 5, kisha kata ncha kidogo, milimita 2 hivi, na kulainisha kwa tupa. Usikate zote kwa pupa: ndani ya ukucha mna mshipa wa damu, na ukucha ukirefuka nao hurefuka. Ukipunguza kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili, mshipa hurudi nyuma. Ukucha mweupe utauona mshipa wenyewe. Mweusi, mulika kwa nyuma. Kipi cha jogoo, ule mwiba wa nyuma ya mguu, nacho punguza ncha tu.

Halafu watoe hao matetea uani kwa muda wa saa mbili au tatu kila siku, na pale unapowamwagia mahindi tandaza matofali.